Kombe linaanza kabla ya kipyenga: hotuba kwa timu za Kanda ya Ziwa

(Hotuba hii ilitolewa jijini Mwanza mbele ya viongozi, makocha na manahodha wa timu za Kanda ya Ziwa zinazojiandaa na Kombe la FA. Tumeiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Ndugu viongozi wa soka wa mikoa, makocha, makatibu, mameneja wa timu, manahodha, na nyinyi mliovuka maji kutoka Ukerewe tangu alfajiri: mwangaluka!

Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmefunga maduka, wengine mmeomba ruhusa kazini. Kwa hiyo sitawazungusha. Nina jambo moja tu, na yote nitakayosema yanarudi hapo: timu ndogo haitolewi kwenye kombe na ukubwa wa Simba au Yanga. Inatolewa na vitu ambavyo ingeweza kuvimaliza yenyewe kabla ya kipyenga cha kwanza.

Kombe hili lilirudi msimu wa 2015/16 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Tumelijua kwa jina la Azam Sports Federation Cup, na sasa linaitwa CRDB Bank Federation Cup. Kuanzia fainali ya 2016 hadi ya 2025 zimechezwa fainali kumi. Yanga wamelichukua mara tano, Simba mara tatu, Mtibwa Sugar mara moja, Azam mara moja. Mtu akiishia hapo atasema, basi, ni mali ya wakubwa. Lakini tazameni waliofika fainali. Mwaka 2017, Mbao ya hapa Mwanza. Mwaka 2018, Mtibwa na Singida United, hakuna Simba wala Yanga. Mwaka 2019, Lipuli ya Iringa. Mwaka 2020, Namungo ya Ruangwa. Mwaka 2022, Coastal Union. Sasa niambieni, ubingwa wa Ligi Kuu katika miaka hiyo umekwenda kwa nani nje ya Simba na Yanga? Hakuna. Hata mmoja.

Kwa nini? Kwa sababu ligi inapima upana wa kikosi na urefu wa mfuko. Michezo thelathini, safari za Mbeya, Tanga, Bukoba, majeruhi, kadi. Mwenye wachezaji ishirini na tano wa kiwango kimoja atakushinda tu. Kombe ni mchezo mmoja. Hakuna marudiano. Siku moja, uwanja mmoja, dakika 90, na wakati mwingine 120 na matuta, yaani mikwaju ya penalti. Siku moja inaandalika. Msimu mzima, kwa pesa zetu, hauandaliki kirahisi.

Tuanze na Mbao, kwa sababu kila mtu humu anawakumbuka lakini wengi tunawakumbuka vibaya. Tunasema "walibahatika". Hebu turudi msimu wa 2016/17. Timu iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa mbao, msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, inapigania kutoshuka daraja. Kocha ni Mrundi, Etienne Ndayiragije, ambaye baadaye alikuja kuifundisha Taifa Stars. Aprili 30, 2017, nusu fainali, hapa Mwanza kwenye Uwanja wa Kirumba, inaingia Yanga, bingwa mtetezi wa kombe na bingwa mtetezi wa ligi. Mbao 1, Yanga 0. Bao la kujifunga. Watu wakasema, mnaona? Bahati!

Ndugu zangu, baada ya siku ishirini, Mei 20, siku ya mwisho ya ligi, Yanga wakarudi Kirumba. Mbao 1, Yanga 0. Mbao wakabaki Ligi Kuu. Bahati inapiga hodi mara mbili kwenye mlango uleule, kwa matokeo yaleyale, dhidi ya mtu yuleyule? Hapana. Ile ilikuwa kazi. Na bao la kujifunga lenyewe halitoki hewani: beki hujifunga pale mpira unapopelekwa kwa kasi kati ya kipa na mabeki, akiwa anakimbia kuelekea golini kwake. Timu inayopiga mipira ya aina hiyo mara kumi kwa mchezo inajitengenezea nafasi ya kupata moja. Timu inayopiga krosi za juu, nyepesi, zinazoning'inia hewani, inamfanyisha kipa mazoezi.

Mei 27, 2017, Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, fainali dhidi ya Simba. Dakika 90, bila bila. Muda wa nyongeza, Frederick Blagnon anaipatia Simba bao. Mbao hawalali, Robert Ndaki anasawazisha. Kisha dakika za mwisho kabisa, penalti, Shiza Kichuya, 2-1. Kwa ushindi huo Simba ikarudi kwenye mashindano ya Afrika iliyokuwa haijayacheza tangu 2013. Mbao ilibakiwa na dakika chache tu kufika kwenye matuta. Ni dakika hizo, kati ya 90 na 120, ndizo zimetuleta hapa leo. Nitazirudia.

Sasa, kabla ya miguu, makaratasi. Naona mameneja wa timu mmeinua vichwa. Vizuri, hili ni lenu.

Aprili mwaka huohuo wa 2017, ng'ambo ya ziwa, Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1 kwenye ligi. Simba wakakata rufaa kwamba beki mmoja wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano, wakati alitakiwa kukaa nje. Kamati ya Saa 72, inayopitia matukio ya michezo ya ligi, ikawapa Simba pointi tatu. Kamati nyingine ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikaupitia uamuzi na kuutengua. Majuma mazima nchi nzima ikawa inabishana kuhusu kadi moja: ilionyeshwa au haikuonyeshwa, iliandikwa au haikuandikwa? Mwisho wa msimu Yanga na Simba wakamaliza na pointi sawa, 68 kwa 68, na Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Oneni uzito wa kadi moja ya njano isiyoandikwa vizuri!

Hilo lilikuwa la ligi, yenye muda wa rufaa na marejeo. Kwenye mtoano, ukipokwa ushindi mezani, mpinzani wako juma linalofuata anacheza raundi nyingine. Kwa hiyo fanyeni hivi. Meneja awe na daftari mbili, moja ya kadi za ligi, moja ya kadi za kombe, kwa sababu ni kanuni za msimu husika ndizo zinazosema kadi ipi inahesabika wapi. Msidhani, someni. Kila mchezo ukiisha, kabla jezi hazijavuliwa, nahodha na meneja waende kwa mwamuzi wa akiba au kamisaa wathibitishe namba za waliopewa kadi. Namba, jina, dakika. Makosa mengi huzaliwa pale wachezaji wawili wanapolalamika pamoja, mwamuzi ananyanyua kadi, na benchi linaandika mtu mwingine. Kisha siku mbili kabla ya mchezo unaofuata, watu wawili tofauti waipitie orodha ya wachezaji pamoja na leseni zao, mmoja akisoma, mwingine akitazama. Mtu mmoja peke yake huona anachotaka kuona.

Na leseni zisikae nyumbani kwa mwenyekiti. Zikae kwenye mkoba mmoja, mkononi mwa mtu mmoja anayepanda basi la timu. Timu inafika uwanjani, wachezaji wamevaa, halafu leseni ziko Igoma kwa mtu aliyezima simu. Hili linatokea, mnalijua linatokea.

Jezi pia. Nendeni kwenye mkutano wa kabla ya mchezo na seti mbili, za kipa zikiwemo. Rangi ya kipa ikifanana na ya waamuzi mtaazima shati la mtu, na kipa anayecheza na shati linalombana mabega hafiki kwenye kona ya juu ya goli.

Tuje kwenye kalenda. Hapa nataka makocha mnisikilize sana.

Desemba 23, 2018, Simba iliifunga Nkana ya Zambia 3-1 Dar es Salaam na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nchi ilisimama. Siku tatu baadaye, Desemba 26, Simba hiyohiyo ikacheza Kombe la FA na Mashujaa ya Kigoma, timu ya Daraja la Kwanza wakati huo, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Mashujaa 3, Simba 2. Ndani ya Dar es Salaam! Je, Mashujaa walikuwa bora kuliko Nkana? Hakuna atakayesema hivyo. Lakini baada ya mchezo mkubwa misuli haijarudi ndani ya siku tatu, kocha anabadilisha karibu kikosi chote, na mabeki wanne ambao hawajawahi kuanza pamoja hawajui nani anatoka na nani anabaki.

Mwaka mmoja kabla, Desemba 2017, Simba ikiwa bingwa mtetezi ilitolewa na Green Warriors ya Daraja la Pili, ngazi mbili chini ya Ligi Kuu. Sare 1-1, penalti 4-3. Kocha Joseph Omog akapoteza kazi papo hapo.

Hizo ni habari za Desemba zote mbili. Mnaona kinachojirudia? Raundi za mwanzo ambazo timu za Ligi Kuu zinaingia mara nyingi huangukia katikati ya ratiba zao nzito. Basi droo ikitoka, jambo la kwanza msitafute video ya mabao yao. Tafuteni ratiba yao. Chora mstari wa siku kumi kabla ya mchezo wenu na siku saba baada yake. Wana mchezo wa Afrika? Wana watani wa jadi juma linalofuata? Wamesafiri? Kama jibu ni ndiyo, tegemeeni wachezaji wa akiba, na hao ndio wa kuwasoma: nani kipa wa pili, beki gani wa pembeni hajacheza mwezi mzima. Mshambulieni huyo kuanzia dakika ya kwanza, kwa sababu asiyecheza muda mrefu hukosea mapema, kabla hajapata joto. Mkimpa dakika ishirini za utulivu atakuwa mchezaji mwingine.

Uwanja. Sisi wa ziwa tuna bahati ya viwanja vya aina mbili na wengi hatuitumii. Kirumba ni nyasi za asili. Nyamagana na Kaitaba ni nyasi bandia. Timu inayofanya mazoezi kwenye udongo wa shule ya msingi halafu inaingia nyasi bandia siku ya mchezo inateseka. Mpira kwenye nyasi bandia zilizokauka na jua hudunda juu, na zikimwagiwa maji hukimbia kuliko unavyotegemea. Pasi ya kawaida inatoka nje. Viatu vyenye njumu ndefu za chuma havifai pale: mguu unang'ang'ania chini, goti linazunguka, na hapo mnampoteza mtu msimu mzima. Vaeni vyenye njumu fupi nyingi za plastiki au mpira. Pateni mazoezi angalau mawili kwenye uwanja wenyewe, na yawe saa ileile ya mchezo, si asubuhi wakati nyasi zina umande.

Kirumba ina jambo lake: upepo. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na jioni hupungua. Mchezo ukianza saa 10 jioni, upepo wa kipindi cha kwanza kwa kawaida ni mkali kuliko wa kipindi cha pili. Nahodha akishinda sarafu, kanuni inamruhusu kuchagua ama upande wa kushambulia ama kuanza na mpira. Achukue upande, na achague kucheza na upepo mgongoni kipindi cha kwanza. Akisubiri upepo wa kipindi cha pili, atakuta umekwisha. Siku yenye mawingu ya mvua habari inabadilika, basi atazame bendera za kona kabla ya kuitwa katikati. Manahodha mmesikia? Bendera za kona.

Na saa. Piga hesabu pamoja nami. Mchezo unaanza saa 10:00. Mapumziko dakika 15, muda wa kufidia, dakika 90 zinaisha karibu saa 12 kasoro tano jioni. Ongeza dakika 30 na vijipumziko vyake, uko saa 12:35. Penalti zinapigwa saa 12:45, jua linazama. Uwanja usio na taa za uhakika, kipa wako anadaka mpira asiouona. Wenyeji, ombeni mapema mchezo wa mtoano uanze saa 9:00 au saa 9:30. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi droo ikitoka, si asubuhi ya mchezo.

Wageni wa kusafiri nitawataja kwa kifupi. Kwa wanaotoka Geita na Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula saa nzima na zaidi. Lakini msiligeuze kuwa sababu ya kuja siku ileile. Mwanza hadi Dodoma ni kama kilomita 700. Mchezaji aliyekaa kwenye basi safari ya namna hiyo anahitaji usiku mmoja kamili kitandani, na ikiwezekana mazoezi mepesi ya dakika 40 jioni ya kufika, ili nyonga na misuli ya nyuma ya paja ifunguke.

Sasa zile dakika 30 za Mbao.

Timu zetu huanguka baada ya dakika ya 90 kwa sababu gani? Hatukosi mioyo. Tunakosa mafuta. Mchezo wa saa 10 jioni, mlo mkubwa uliwe kati ya saa 6 na saa 7 mchana, yaani saa tatu hadi nne kabla. Wali au ugali au ndizi kwa wingi, samaki wa kuchemsha au kuku asiye na mafuta mengi, mboga kidogo. Sato wa kukaangwa mzima mzima tumuache kwa siku ya kusherehekea. Mafuta hukaa tumboni. Maharage pia yapungue siku hiyo. Maji: mchezaji wa kilo 70 anywe kama mililita 350 hadi 490 saa nne kabla ya mchezo, kwa taratibu, halafu aongeze kidogo kidogo. Ukimpa lita nzima akiwa anafunga viatu, atakimbia na tumbo linalocheza. Na dakika ya 90 ikiisha sare, kabla ya mawaidha yoyote ya kocha, kila mmoja apewe kinywaji chenye sukari na chumvi kidogo. Muwe mmekiandaa kwenye chupa ndogo tangu mchana. Yule anayebanwa na misuli dakika ya 100 mara nyingi alikosea saa 7 mchana.

Mabadiliko ya wachezaji nayo. Kanuni za soka zinaruhusu wachezaji watano, lakini katika nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo, mbali na mapumziko. Kocha anayetumia nafasi zote tatu kufikia dakika ya 70 amejifunga mikono. Kanuni za mashindano zinaweza kuruhusu mmoja zaidi kwenye muda wa nyongeza, someni mjue. Na kipa! Wakati wa matuta, mchezaji pekee anayeweza kubadilishwa ni kipa aliyeshindwa kuendelea. Ukitaka kumwingiza kipa mtaalamu wa penalti kwa sababu ya utaalamu wake tu, lazima aingie kabla ya kipyenga cha mwisho cha mchezo. Mwandaeni dakika ya 115, mpira ukitoka nje aingie. Dakika ya 121 mmechelewa.

Tumefika kwenye matuta. Mkumbuke fainali ya Arusha, Julai 2, 2022. Coastal Union na Yanga, 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal kafunga kijana mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Matatu, kwenye fainali, dhidi ya Yanga! Penalti zikaisha 4-1 kwa Yanga. Mabao matatu ya fainali hayakumpa medali ya dhahabu. Je, kuna mtu humu bado anasema penalti ni bahati nasibu, hazina haja ya mazoezi?

Hesabu yake ni hii. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mpira uko mita 11. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa unafika ndani ya nusu sekunde. Kipa hawezi kusubiri aone mpira unakokwenda kisha aruke, atakuwa amechelewa. Lazima asome mwili wa mpigaji: mguu wa kusimamia umeelekea wapi, nyonga zimefunguka au zimefunga. Na lazima awe na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari wa goli mpira unapopigwa. Makipa wetu wengi hutoka mapema, wanadaka, wanashangilia, penalti inarudiwa. Mzoesheni kwa kumwekea mtu pembeni ya goli anayetazama mguu tu.

Wapigaji: msiandike watano. Andikeni kumi na mmoja, kwa mpangilio, kipa akiwemo. Mpinzani wako akiwa amepata kadi nyekundu na amebaki na wachezaji kumi, wewe utatakiwa kupunguza mmoja ili mlingane. Huyo wa kupunguzwa mjue tangu jana. Mazoezi ya penalti msiyafanye mwanzoni mwa mazoezi miguu ikiwa fresha. Yafanyeni mwishoni kabisa, baada ya mbio, na mpigaji atembee peke yake kutoka duara la katikati hadi kwenye mpira huku wenzake wamesimama kule. Ile safari ya mita arobaini hivi ndiyo inayoua watu. Mtu achague upande kabla hajaanza kutembea na asibadilishe. Anayebadilisha mawazo njiani hupiga katikati ya mawazo mawili, mpira dhaifu, urefu wa kiuno, na huo ndio kipa anaoupenda.

Ndugu zangu, nimebakiza jambo moja na linanigusa sana. Mashabiki wa mji huu wanajua kombe. Pamba ya hapa iliwahi kuitandika Anse Boileau ya Shelisheli 12-1 kwenye Kombe la Washindi Afrika mwaka 1990. Mei 2022 Kirumba ilipokea nusu fainali ya Simba na Yanga na bao la Feisal Salum. Fainali imekwenda Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga, Zanzibar. Hadi ile ya 2025 haijaletwa Kirumba hata mara moja. Viongozi wa mikoa mliopo hapa, hilo liombeni, na muombe kwa kuonyesha taa, vyoo, mageti na nyasi, maana huko ndiko ukaguzi unakoanzia.

Lakini hata fainali isipokuja, mjiandae kwa siku mtakayoifikia. Namungo walipoteza fainali ya 2020 mbele ya Simba, na kwa kuwa Simba walikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaangukia kwao. Timu ya Ruangwa ikafika hadi makundi. Walikuwa tayari. Mbao nayo baada ya 2017 ilimpoteza kocha, ikapoteza nguzo zake kama Asante Kwasi, na mwaka 2020 ikashuka daraja kwa kushindwa na Ihefu kwenye mchujo. Timu ndogo ikifanya vizuri inanunuliwa. Hilo haliepukiki, na kijana akipata maisha tunafurahi. Tusichokubali ni aondoke bure.

Kwa hiyo makatibu, leo mkifika nyumbani fungueni mikataba ya wachezaji na mtazame tarehe ya mwisho. Mingi imeandikwa Mei 30, kwa mazoea ya ligi. Fainali ya 2020 ilichezwa Agosti 2 kwa sababu ya korona. Ya 2022 ilikuwa Julai 2, ya 2025 ikawa Juni 29. Mkataba ukiisha kabla ya fainali, mchezaji wako bora anaweza kukaa jukwaani akiwa huru, na klabu haina cha kudai. Badala ya tarehe, andikeni "hadi siku saba baada ya mchezo wa mwisho wa klabu katika mashindano yote ya msimu". Wakili wa kawaida atawaandikia nyongeza hiyo kwa ukurasa mmoja, na mchezaji asaini mbele ya shahidi, nakala moja ibaki kwake. Fomu ya mfano iko mezani pale mlangoni, pamoja na daftari la kadi. Kila timu ichukue nakala mbili. Asanteni sana.